Injini ya Pistoni na Injini ya Turbini: Ipi Yafaa Ndege Ndogo?

Mtu akisimama asubuhi karibu na ua wa Uwanja wa Ndege wa Wilson, Nairobi, akatazama ndege ndogo zikijitayarisha kuruka, ataona jambo ambalo huenda hakulifikiria kabla. Ndege ya kwanza, tuseme Cessna 206 ya watu sita, inawashwa: rafadha yake inazunguka mara moja au mbili kwa shida, injini inakohoa, kisha inanguruma kama lori. Ya pili, Cessna Caravan, iko kando yake. Hiyo haikohoi. Kwanza husikika mlio mwembamba kama wa filimbi, mlio unapanda kidogo kidogo, na rafadha inaanza kuzunguka polepole kama feni ya dukani. Na upepo ukivuma kuelekea uani, humletea mtazamaji harufu anayoijua sana nyumbani kwake: harufu ya mafuta ya taa.

Zote mbili zimeundwa Marekani na kiwanda kimoja, zote zina rafadha moja puani na mabawa juu ya vyumba vyao, na zote huenda Maasai Mara, Lamu na Turkana. Tofauti iko ndani ya pua. Ya kwanza ina injini ya pistoni, ya pili ina injini ya turbini. Watu wengi hudhani kwamba turbini, kwa kuwa ilikuja baadaye na bei yake ni kubwa, ni bora kwa kila jambo, na kwamba pistoni ni kitu cha kale kinachongoja kutupwa. Sivyo. Hapa tutaeleza jinsi kila moja ifanyavyo kazi, kisha tutaona kila moja hushinda wapi na hushindwa wapi. Na msomaji ataona kwamba jambo hili haliamuliwi na ufundi peke yake. Huamuliwa pia na kimo cha uwanja, na saa ambazo ndege huruka kwa mwaka, na mafuta yapatikanayo pale inapotua.

Injini ya pistoni si ngeni kwa mtu aliyewahi kumwona fundi akifungua injini ya gari. Ndani ya silinda mna pistoni iendayo mbele na nyuma. Huvuta hewa pamoja na petroli, huibana, plagi hutoa cheche, mchanganyiko huwaka na kuisukuma pistoni kwa nguvu, kisha moshi hutolewa nje. Ndugu wawili Wright waliporuka huko Marekani mwaka 1903 walitumia injini ya namna hiyo, yenye nguvu za farasi 12 tu. Siku hizi injini za ndege ndogo huwa na silinda nne au sita, zilizolazwa nusu kulia na nusu kushoto, nazo hupozwa na upepo badala ya maji. Kila silinda ina plagi mbili, ili moja ikifa nyingine iendelee na kazi. Jambo la kukumbuka ni kwamba kazi ya pistoni hufanyika kwa vipindi. Katika miendo yake minne ni mmoja tu uletao nguvu. Mitatu mingine ni matayarisho.

Turbini haina vipindi. Mbele yake kuna kompresa, yaani magurudumu yenye mapanga madogo yavutayo hewa na kuibana. Hewa hiyo huingia katika chumba cha moto, na humo mafuta hunyunyizwa yakawaka bila kukoma, kama jiko la mafuta la kupiga pampu. Cheche huhitajiwa wakati wa kuwasha tu. Baada ya hapo moto hujiendeleza wenyewe. Hewa iliyopata moto hutoka kwa kasi kubwa, na njiani huzungusha magurudumu mengine, ambayo ndiyo turbini yenyewe. Mwingereza Frank Whittle aliomba hati ya uvumbuzi wa injini ya jeti mwaka 1930, na injini yake ya kwanza ikawaka mwaka 1937. Hiyo ilikuwa ya kusukuma ndege kwa upepo wa moto. Turbini ya ndege ndogo hufanya tofauti kidogo: nguvu zake hazitupwi nyuma, bali huzungusha rafadha.

Iliyo maarufu kupita zote katika ndege ndogo ni PT6, iliyobuniwa Canada. Iliruka kwa majaribio mwaka 1961, na mwaka 1964 ikaanza kazi katika ndege iitwayo King Air. Tangu hapo imekuwa ikifanyiwa marekebisho, na ndiyo iliyo katika Caravan. Ajabu yake yaweza kuelezwa kwa feni mbili za mezani. Ziweke zikitazamana, kisha uwashe moja tu kwa umeme. Ya pili, ingawa haina waya, itaanza kuzunguka kwa upepo wa ile ya kwanza. Ndani ya PT6 mambo ni hivyo hivyo. Turbini ya kwanza huzungusha kompresa, ikifikia mizunguko kama 37,500 kwa dakika. Turbini ya pili, isiyounganishwa nayo kwa chuma chochote ila kwa upepo wa moto tu, huzungusha giaboksi, na giaboksi hupunguza mwendo hadi mizunguko 1,900 ya rafadha. Ndiyo sababu wakati wa kuwasha, mlio hutangulia na rafadha hufuata kwa uvivu.

Sasa tutazame uzito. Injini ya pistoni ya silinda sita yenye nguvu za farasi 300 huwa na uzito wa kilo 200 hivi. Turbini ya Caravan, yenye nguvu za farasi 675, haifiki kilo 180. Nguvu zaidi ya mara mbili kwa uzito mdogo! Hapo ndipo wanunuzi wengi hukata shauri mara moja. Lakini wangoje kidogo, maana turbini ina kiu. Karibu theluthi mbili ya nguvu inazotengeneza hutumika ndani yake yenyewe, kuzungusha kompresa, na zinazosalia ndizo zinazofika kwenye rafadha. Pistoni nzuri hutumia kama gramu 200 za mafuta kwa kila nguvu moja ya farasi kwa saa moja. Turbini ndogo hutumia gramu 290 hivi. Tena turbini hunywa mafuta si haba hata ndege ikiwa imesimama chini ikingoja ruhusa ya kuruka.

Tukija kwenye kimo cha uwanja, jambo hili latuhusu sana sisi wa Kenya. Wilson iko zaidi ya futi 5,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya Mombasa, na jua likiwa kali huwa nyepesi zaidi. Siku ambayo joto la Nairobi ni nyuzi 27, hewa ya Wilson huwa kama ile ambayo rubani angeikuta kwa kawaida kwenye futi 8,000 na zaidi. Pistoni hujaza silinda zake kwa hewa iliyopo. Ikiwa hewa ni nyepesi, silinda hujaa nusu nusu. Kwa hiyo injini ambayo Mombasa hutoa nguvu za farasi 300, Wilson asubuhi ya baridi hutoa kama 240, na adhuhuri kama 225 tu. Robo nzima imepotea, wala hakuna kilichoharibika. Wakati huo huo rafadha nayo haipati hewa nzito ya kusukuma, na mabawa hutaka mwendo wa kasi zaidi, kama sehemu ya nane zaidi, ndipo ndege iinuke. Yaani injini imedhoofika siku ile ile ambayo kazi yake imeongezeka.

Rubani wa pistoni ana dawa mbili. Ya kwanza ni kupunguza petroli iingiayo, ili ilingane na hewa iliyopungua. Rubani aliyezoea pwani akisahau jambo hilo Nairobi, injini yake husongwa na petroli nyingi na hupoteza nguvu zaidi. Dawa ya pili ni ya kununua: ni tabo, yaani kigurudumu kizungushwacho na moshi wa injini, nacho huibana hewa kabla haijaingia katika silinda. Injini yenye tabo huweza kushika nguvu zake zote hata juu ya milima yetu. Na tazama, tabo ni nini ila turbini ndogo? Pistoni imemwazima mshindani wake silaha.

Turbini nayo hupoteza nguvu hewa ikipungua; asije mtu akadhani kwamba imesamehewa. Ila mafundi hutumia hila nzuri. Huipa ndege turbini kubwa kuliko haja yake, kisha humkataza rubani kutumia nguvu zote awapo chini. PT6 ya aina ya 42 hutoa nguvu za farasi 850 katika King Air B200, lakini aina ya ukoo huo huo, iliyowekwa katika ndege ndogo ya Piper, imewekewa mpaka wa 500. Ni kama mtu awezaye kubeba magunia mawili kubebeshwa moja. Akianza kupanda mlima hupungukiwa na nguvu, lakini gunia moja bado halimshindi. Hivyo ndivyo turbini inavyofika kwenye hewa nyepesi ikiwa bado na nguvu zile zile ilizoondoka nazo.

Hata hivyo kuna hatari ya kujidanganya. Hewa ikiwa ya moto sana, kipimo cha joto la ndani ya turbini hufika ukomo wake mapema, na rubani hana budi kupunguza nguvu asije akaunguza mapanga yake. Na mabawa ya Caravan hayajui kwamba injini ni ya turbini. Ndege iliyopakiwa kupita kiasi, adhuhuri, kwenye kiwanja kifupi cha murramu kilicho juu mlimani, itashindwa kuinuka, iwe na injini ya namna gani.

Ili kuzipima hizi mbili kwa haki, ni vema tupate ndege moja iliyopata kuwekewa zote mbili, na kwa bahati ipo. Kiwanda cha Piper cha Marekani kilitengeneza ndege ya watu sita iitwayo Malibu, na baadaye Mirage yenye pistoni ya nguvu za farasi 350 na tabo. Mwaka 2000 ndege ya umbo hilo hilo, kwa jina la Meridian, ilipata ruhusa ya kuruka na turbini ya nguvu 500 tuliyoitaja. Mabawa yalirekebishwa na tangi likaongezwa, lakini ni ndugu wa tumbo moja.

Mirage ikienda mbio zake zote juu sana hufikia karibu kilomita 390 kwa saa, ikitumia kama lita 80. Meridian hufikia karibu kilomita 480 kwa saa, ikitumia kama lita 145. Mirage ina ruhusa ya kupanda hadi futi 25,000. Meridian hadi futi 30,000, ambako mawingu mengi ya mvua huachwa chini. Sasa tufanye hesabu ya shule. Kutoka Nairobi hadi Mombasa kwa njia ya anga ni kilomita 440 hivi. Tuseme kila ndege ingeenda mbio hizo njia nzima, tusihesabu kupaa wala kutua. Mirage ingechukua dakika 68 na lita 90. Meridian ingechukua dakika 55 na lita 133. Mwenye Meridian ameokoa dakika 13 na amelipia lita 43. Kwa safari kama hiyo, mwandishi wa makala haya angekaa katika Mirage na kunywa chai yake akifika. Lakini safari ikiwa ya kilomita 1,500, na mawingu meusi yamesimama njiani, hesabu hubadilika.

Hubadilika pia mzigo ukiwa mkubwa. Turudi kwa zile ndege mbili za Wilson. Cessna 206 huchukua abiria watano na kutumia lita 57 hivi kwa saa, kwa mwendo wa kilomita 240. Caravan ndefu huchukua abiria 12, na kutumia lita 190 hivi kwa mwendo wa kilomita 305. Ukitazama lita 190 peke yake utashtuka. Lakini zigawe kwa abiria, kisha kwa kilomita, na utaona kwamba kumpeleka abiria mmoja kilomita 100 kwa 206 ni lita tano kasoro kidogo, na kwa Caravan ni lita tano na kidogo. Kiu ya turbini imekwisha karibu yote, mradi viti vimejaa. Viti vikiwa vitupu kiu hurudi palepale. Kwa hiyo kampuni ya usafiri yaweza kufurahia turbini ile ile ambayo ingemfilisi mtu mwenye ndege ya kutembelea shamba lake siku ya Jumapili.

Jambo la matengenezo lafuata mkondo huo huo. Pistoni kubwa ya 206 ya zamani hupangiwa kufunguliwa yote baada ya saa 1,700 za kuruka; turbini ya Caravan baada ya saa 3,600. Gharama ya kuifungua pistoni huhesabiwa kwa makumi ya maelfu ya dola za Marekani, na ya turbini kwa mamia ya maelfu. Kampuni irushayo ndege saa 1,000 kwa mwaka huzimaliza saa 3,600 kwa chini ya miaka minne, na kila saa imelipiwa na nauli. Mtu binafsi arukaye saa 100 kwa mwaka angehitaji miaka 36! Hatafika, kutu na uzee vitatangulia. Pistoni nayo haipendi kulala: kiwanda cha Lycoming hushauri injini zake zifunguliwe baada ya miaka 12, hata kama saa hazijatimia.

Kwa nini basi watu wa huduma za dharura huchagua turbini, hali wanajua gharama zote hizo? Sababu kubwa ni uaminifu wake. Pistoni hupigwa na milipuko maelfu kila dakika, na vyuma vyake huenda na kurudi bila kupumzika. Turbini huzunguka upande mmoja tu, na hufa angani mara chache sana kuliko pistoni. Nchi za Ulaya, mwaka 2017, ziliruhusu ndege ya biashara yenye injini moja ya turbini kuchukua abiria usiku na ndani ya mawingu. Injini moja ya pistoni haikupewa ruhusa hiyo. Madaktari Warukao, walioanzishwa mwaka 1957 na madaktari watatu wapasuaji ili wawafikie wagonjwa wa mbali, wametumia katika miaka ya karibuni Pilatus PC-12, yenye turbini moja ya nguvu za farasi 1,200. Mama mwenye uzazi mgumu aliyelazwa katika ndege usiku, juu ya nchi isiyo na taa hata moja, hana haja ya kujua bei ya injini. Ana haja isizime.

Ila turbini ina saa yake ya hatari, nayo ni wakati wa kuwasha. Betri ikiwa dhaifu, stata huzungusha kompresa polepole mno. Hewa ya kupoza haitoshi, na mafuta yanawaka. Joto hupanda kupita nyuzi 1,000 kwa sekunde chache tu. Rubani asipokata mafuta mara hiyo, mapanga ya ndani huungua, na fedha ya nyumba nzima imeyeyuka kabla ndege haijasogea hata hatua moja. Rubani wa pistoni akikosea kuwasha, kwa kawaida hupata moshi na aibu.

Limebaki la mafuta, nalo pengine ndilo linaloamua zaidi ya yote huku kwetu. Pistoni nyingi za ndege hutumia petroli maalumu ya rangi ya buluu, yenye risasi ndani yake. Viwanda viitengenezavyo ni vichache ulimwenguni, na kuipeleka katika viwanja vya mbali ni kazi ya mapipa na malori. Risasi hiyo ni sumu, na mwaka 2022 Marekani iliidhinisha petroli isiyo na risasi kwa ajili ya pistoni zake. Turbini hutumia mafuta ya jeti, ambayo kwa asili ni mafuta ya taa yaliyosafishwa kwa uangalifu mkubwa, na hayo hupatikana popote ziendapo ndege kubwa za abiria. Kwa ajili hiyo mashirika mengine ya kimishenari na ya misaada yameacha pistoni, si kwa kuichukia, bali kwa kukosa cha kuinywesha. Kiwanda cha Diamond cha Austria kilitafuta njia ya katikati. Ndege yake DA42, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 2002, ilikuwa na injini mbili za pistoni za dizeli, zilizotokana na injini ya gari la Mercedes. Hazina plagi, hutumia mafuta ya jeti, na kiu yao ni ndogo.

Kuwapo kwa mafuta mawili katika kiwanja kimoja kumeua watu katika nchi nyingi. Pistoni ya petroli ikitiliwa mafuta ya jeti kwa makosa, huwaka vizuri, kwa kuwa mabombani bado mna petroli ya jana. Husogea, huongeza kasi, huinuka. Kisha mafuta mapya hufika, injini hugonga kwa nguvu na kuzima, ndege ikiwa futi mia chache juu ya miti. Ili kulizuia jambo hilo, mdomo wa bomba la mafuta ya jeti hufanywa mpana kuliko tundu la tangi la petroli, usiweze kuingia. Lakini mahali ambapo mafuta hutiliwa kwa debe na faneli kutoka pipani, mdomo mpana haupo. Hapo rubani mwangalifu hudondosha tone moja juu ya karatasi nyeupe na kungoja. Petroli hukauka ikaenda zake. Mafuta ya jeti huacha duara la utelezi, kama lile liachwalo mezani na taa inayovuja.